Msalaba wa Chaki Kwenye Wagoni 2208

Kamina, Jumapili, 22 Septemba 1957

Barua ya Léonie imefika leo mkononi mwa mlinzi wa treni ya makaa, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Anasema baba yake wamemzika vizuri na matanga yameisha, lakini Luena imefungwa. Hakuna mtu wa kupanda treni kwa sababu ya homa hii wanayosema imetoka Asia. Ananiomba kitu kimoja tu: “Baba Élisa, kamata kaye, andika kila siku mutoto anafanya nini, anasema nini, anakula nini. Usiruke siku. Nikirudia nitasoma yote, nisipoteze kitu ya mutoto wangu hata kimoja.”

Haya, Mama Élisa, kaye ndiyo hii, daftari jipya. Mimi si mwalimu, mimi ni mtu wa nyundo, kwa hiyo usicheke mwandiko. Leo mtoto amekula bukari na sombe, amekataa kusukwa nywele na mtu mwingine ila wewe, ameenda kanisani akasinzia katikati ya mahubiri. Nami nilisinzia, lakini mimi nina miaka arobaini. Joto ni kali. Moshi wa nyasi zinazoungua umeingia mpaka ndani ya mto wa kulalia.

24 Septemba

Kikohozi kimeingia kambini. Watu saba wa atelye, karakana ya wagoni, hawakuja kazini. Élisa amekula mapapai mawili peke yake.

26 Septemba

Shule imefungwa, watoto wote wamerudishwa nyumbani. Nani atabaki naye? Nimekwenda naye yadi. Kapita Kapenda, yule anayepanga treni, amenung'unika kwamba reli si mahali pa watoto. Nikamwambia basi abaki naye yeye. Akarudi kwenye karatasi zake.

Kazi yangu unaijua, lakini naandika kwa sababu mtoto ameiuliza, na ulisema nisiruke kitu. Nimemwonyesha jinsi ninavyopita kando ya treni na nyundo ya mpini mrefu, nikipiga kila gurudumu. Gurudumu zima linalia kama kengele. Lililopasuka linajibu kwa sauti iliyokufa, kama sufuria yenye ufa. Nikisikia hivyo nachora msalaba wa chaki ubavuni mwa wagoni, na tangu hapo hata shefu wa gare, mkuu wa stesheni, haisogezi mpaka atelye itengeneze, nami nifute chaki kwa mkono wangu. Miaka kumi na miwili sasa, sikio langu halijasema uongo.

Basi tumecheza. Yeye anafumba macho, mimi napiga, yeye anasema “nzima” au “mubaya”. Hakukosa hata mara moja. Nimejivuna kama mjinga.

Kisha akaona ndege. Yule mweusi na mweupe, wa mkia usiotulia, anayetembea kando ya reli kama mtu aliyetumwa.

“Papa, ule ndege anafanya kazi yako.”

“Kazi yangu namna gani?”

“Angalia. Anafika ku gurudumu, anachungulia, anasema ndiyo na mukia, anaenda ku ingine. Njo ndugu yako. Njo Papa Mudogo.”

“Na kampani inamulisha nini, huyu ndugu yangu?”

“Badudu!” Akacheka mpaka akakaa chini. Jioni amemsalimia rasmi, kwa kupiga magoti, jinsi ulivyomfundisha kusalimia baba wadogo.

30 Septemba

Papa Mudogo ana mke. Wamejenga chini ya wagoni 2208, kwenye reli ya tatu, juu ya chuma karibu na breki. Ni majani makavu, nyuzi za gunia na nywele za mtu. Élisa anasema ni nywele zake mwenyewe. Yai moja, la rangi ya majivu lenye madoa.

2 Oktoba

Leo nimefanya jambo, na nikiahidi kuandika, naandika.

Mayai yamefika matatu. Asubuhi Kapenda amekuja na karatasi yake: 2208 inaondoka mchana, inabeba mahindi. Nikachukua nyundo. Élisa alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mdomoni. Nilipiga magurudumu yote manane, moja moja, na kila moja lililia safi kabisa. Nilitamani moja tu liwe bovu. Hakuna.

Nikatoa chaki nikachora msalaba.

“Papa,” akasema polepole, “imelia muzuri.”

“Nyamaza.”

“Lakini imelia…”

“Élisa. Kazi ya nani hii?”

Akafikiri. “Ya weye na Papa Mudogo.”

“Basi Papa Mudogo amesema iko mubaya.”

Alinikumbatia mguu hapo mbele za watu. Atelye imefungwa, wagonjwa wamekuwa wengi, kwa hiyo wagoni yenye msalaba haitaguswa. Wiki tatu, nne, nani atadhurika? Mahindi yamepata wagoni nyingine. Naona haya kidogo, si sana.

4 Oktoba

Mayai manne. Mama ndege amelala juu yake. Mtoto amekataa kula mpaka na yeye “Mama Mudogo” apelekewe kumbikumbi. Kumbikumbi watatoka wapi, mvua haijanyesha!

6 Oktoba, Jumapili

Élisa ana joto mwilini. Labda ni jua la yadi.

8 Oktoba

Si jua. Wamemchukua asubuhi. Lupitalo, hospitali ya kampani, imejaa, wamegeuza shule kuwa nyumba ya wagonjwa, kwa hiyo amelala katika darasa lake mwenyewe, chini ya ubao. Hakuna kuingia. Ua wa katani umezunguka, na mimi nasimama nje. Mlinzi wa wagonjwa ni Germaine, mama yule mnene wa kwaya yetu, bahati hiyo. Amesema mchana, king'ora cha kazi kikilia, atamleta dirishani.

Nyumba haina sauti, Léonie. Nimekutumia habari kwa yule mlinzi wa treni ya makaa. Nimepika bukari ya watu wawili kwa mazoea.

9 Oktoba

Alikuja dirishani akiwa amevaa gauni la watu wazima, mikono inaburuta. Hakuuliza habari zangu. “Papa! Papa Mudogo anafanya nini?” Nikapaza sauti kwamba mume na mke wanapokezana kulalia mayai. Akaniambia nirudi kazini nikawaangalie.

10 Oktoba

Sauti yake imekwaruza. Nimemwambia Papa Mudogo amemfukuza paka wa shefu.

11 Oktoba

Wamekufa wanne kambini leo. Ndege wazima.

13 Oktoba

Hakuna ibada. Nimekaa yadi siku nzima ingawa si zamu yangu, mgongo kwenye gurudumu la reli ya pili, namtazama yule ndege. Sijui kwa nini ananituliza. Dunia imesimama, treni zimepungua, watu wanaogopa kupeana mkono, naye anatembea tu, anachungulia, anakubali, anaendelea. Anakuja hadi karibu na kiatu changu. Nimemweleza habari za mtoto kwa sauti, kama mwendawazimu, na sikujali.

16 Oktoba

Wametoka! Watatu, vipara, midomo wazi. Nilikimbia hadi kwenye ua wa shule kabla ya king'ora. Germaine akasema nipunguze makelele, kuna watu wanakufa. Lakini akamleta. Nikainua vidole vitatu. Élisa akainua vyake vinne.

“Na wa nne?”

“Bado amelala!”

“Mvivu huyo,” akasema, akakohoa muda mrefu, mkono kwenye dirisha. Lile yai la nne limeoza, nadhani. Sikuweza kulisema lile neno kupita ua.

18 Oktoba, Ijumaa

Mvua ya kwanza. Imepiga mabati kama mawe, ikaacha harufu ya udongo kote yadi.

Kapenda amekuja akitiririka maji, furaha usoni. “Jéthro, sikia. Shefu wa gare amepata ruhusa. Treni inaenda Luena kesho, kuleta bantu wote balifungiwa kule. Bibi yako pia! Balisema wagoni kumi. Nimehesabu nzima tisa. Ya kumi njo hii yako.”

Nilisikia, Léonie. Nilisikia vizuri kabisa. Sitaki useme baadaye kwamba sikuelewa.

“Iko mubaya,” nikasema.

“Wapi?”

“Gurudumu ya nyuma.”

“Hata kwenda na kurudi, polepole?”

“Weye unataka kuua bantu?”

Akautazama msalaba. Angeweza kuchukua nyundo. Akanipiga bega. “Kama siamini sikio yako, nitaamini nini mu hii yadi?” Akaenda zake kwenye mvua.

Wale watoto wana siku mbili tu. Wagoni ikienda, mama yao hataifuata mpaka Luena, watakufa wote njiani. Na kila mchana Élisa anakuja dirishani kwa ajili yao, kwa ajili hiyo tu anainuka kitandani, Germaine mwenyewe amesema. Nilijiambia wewe si mtu wa kuachwa. Tisa au kumi, nilijiambia, watu watabanana, na Léonie atakuwa wa kwanza mlangoni.

20 Oktoba, Jumapili

Treni imefika. Nimesimama kwenye gare tangu asubuhi na shati la kanisani. Nilitazama kila uso ulioshuka. Mama mmoja wa Kabondo-Dianda, aliyekuwa amefungiwa huko, akaniambia: kule Luena kila mtu alipewa karatasi yenye namba ya wagoni yake. Kubanana kumekatazwa kwa sababu ya homa. Treni ilipofika na wagoni tisa, wenye namba kumi walirudishwa.

“Kulikuwa mama mumoja alilia sana,” akasema. “Alikuwa nasema mutoto wake iko mugonjwa.”

Sikumuuliza jina. Nilikwenda mbio yadi, nikamkuta Kapenda, nikamuuliza treni nyingine ni lini. Akasema Jumamosi, na kwa treni hiyo wagoni zipo za kutosha. Nikasimama mbele ya 2208 nikiwa na kitambaa cha kufutia chaki. Kufuta kungesaidia nini sasa? Juu ya breki wale watatu walikuwa wanalia njaa. Nikarudisha kitambaa mfukoni.

21 Oktoba

Hakuja dirishani. Germaine ameleta maswali yake hadi kwenye ua: wa nne ameamka? Na mama iko njiani? Nimejibu yote mawili ndiyo.

22 Oktoba

Germaine amenitazama leo akasema, “Pita. Balinzi beko nakula. Dakika tano, Baba Élisa, na usimuguse.” Nikapita kwenye ua, katani ikanichana mikono yote. Nikafika chini ya dirisha. Kitanda chake kilikuwa hapo hapo ndani. Ubaoni bado kuna hesabu za mwezi wa tisa.

Alikuwa mdogo mno, Léonie. Nilimweleza kwamba Papa Mudogo analeta wadudu mpaka mdomo haufungiki, kwamba wale watatu wameota manyoya, kwamba wa nne ametoka na ndiye mkubwa kuliko wote. Akatabasamu. Mimi nilikuwa nasema huku nasikiliza kifua chake. Siwezi kuzima sikio hili, miaka kumi na miwili limefundishwa kusikiliza. Nilisikia.

Akafumba macho, akaweka mkono kifuani. “Papa. Sasa weye njo unasema. Minyi iko nzima ao mubaya?”

Nikasema, “Nzima.”

“Kweli?”

“Nzima kabisa. Unalia kama kengele.”

“Njo vile,” akasema, akalala.

23 Oktoba

Alfajiri. Germaine anasema hakuwa peke yake, alimshika mkono.

24 Oktoba

Amri ni watu wanne tu makaburini, bila matanga, bila kulia kwa kundi. Tulikuwa mimi, mchungaji, Germaine na Kapenda. Msalaba ameutengeneza Kapenda kwa ubao wa wagoni iliyovunjwa. Hakuna hata shangazi mmoja wa kumlilia kama inavyopasa. Mwanamke mmoja nyuma ya nyumba yetu alianza kulia ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa, kisha wa pili kwake, kisha wa tatu, kila mmoja ndani mwake, mpaka safu nzima ya nyumba ikawa inalia. Amri haikukataza hivyo. Nawashukuru.

Nimepeleka habari Luena kwa simu ya reli. Sijui kama imekufikia.

25 Oktoba

Ndege wazima.

27 Oktoba, Jumapili

Simu haikufika.

Umeshuka kwenye treni na kikapu cha samaki kichwani na kofia uliyomshonea. Ulinitazama, ukatazama nyuma yangu na kando yangu. Ukaniuliza, “Iko wapi?” Nikakipokea kikapu kutoka kichwani mwako. Sitaandika jinsi ulivyoanguka, ulikuwepo mwenyewe.

Nyumbani karatasi yako ilidondoka kutoka kwenye fundo la kikwembe ulichojifunga. Ni kipande kidogo chenye mhuri wa Luena, na namba kwa kalamu nyekundu: 10. Nimeiokota. Ninayo hapa katikati ya kurasa.

28 Oktoba

Léonie ameuliza kaye. Nimesema sijamaliza. Nimejiona nikishika ukurasa wa tarehe kumi na nane kwa vidole viwili, tayari kuuchana. Ni ukurasa mmoja tu, asingejua. Lakini upande wa pili kuna zile habari za yeye kulia Luena, na baada yake kuna dirisha na “minyi iko nzima”. Nikichana kimoja namnyang'anya na kingine. Aliniomba asipoteze kitu cha mtoto wake hata kimoja.

29 Oktoba

Nimempa. Ameketi uani, mgongo kwenye ukuta, amesoma tangu chai mpaka jua kuzama, kidole chini ya kila mstari. Mara mbili alicheka, najua ni wapi. Kisha akafika pale. Nilijua kwa sababu kidole kilisimama, hakikuendelea tena kwa muda mrefu sana.

Akafunga kaye akaingia ndani. Mimi nimelala jikoni. Hadi jana alikuwa bado ananiita Baba Élisa. Leo hakuniita kitu chochote.

30 Oktoba

Amenifuata yadi. Sikumwita. Alitembea hatua ishirini nyuma yangu, kikwembe cha msiba kimefungwa kichwani, na watu wote wakasimama kutupisha. Alikwenda moja kwa moja reli ya tatu akainama chini ya 2208. Mama ndege akaruka, akasimama kwenye reli na mdomo umejaa, anatikisa mkia. Léonie akabaki ameinama pale sijui muda gani.

“Beko tatu,” akasema, bila kunitazama.

“Tatu.”

“Ulimwambia beko ine.”

“Ndiyo.”

Hapo Kapenda akafika na karatasi yake. Alimpa Léonie pole, kofia mkononi, kisha akanigeukia, na nikaona hataki kusema anachotaka kusema. Atelye inafunguliwa kesho. Wagoni zote za msalaba zinaingia ndani, na fundi atapiga kila gurudumu upya.

“Jéthro,” akasema, “hii 2208 niliiangalia jana. Sikuona ufa. Minyi si mutu wa sikio, lakini sikuona. Niambie, iko nini?”

Nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari, Mungu anajua, kusema yote hapo mbele yao, nifukuzwe kazi, yaishe. Léonie akaninyang'anya nyundo. Hajawahi kuishika katika miaka yote ya ndoa yetu. Akaiinua kwa mikono miwili akapiga gurudumu la nyuma.

Lililia. Yadi nzima ilisikia, safi, na sauti ikakaa hewani muda mrefu. Kapenda aliisikia. Alinitazama, kisha akamtazama yeye.

“Mama Élisa,” akamwuliza taratibu, “umesikia nini?”

Machozi yalikuwa yanamtoka.

“Imepasuka,” akasema. “Muiache mpaka Jumamosi.”

Kapenda akakunja karatasi yake mara mbili, akavaa kofia, akaenda kuwaambia watu wa atelye waanzie reli ya kwanza.

31 Oktoba

Mvua siku nzima. Amepika. Tumekula.

2 Novemba, Jumamosi

Wameruka. Wawili walitoka asubuhi. Wa mwisho alikaa kwenye chuma cha breki mpaka karibu saa sita, anaogopa, na Papa Mudogo anamwita kutoka kwenye reli kwa sauti kali. Léonie alikuwa amekaa kwenye mataruma tangu alfajiri, hajala. Yule mdogo aliporuka, Léonie hakupiga kelele. Alitazama alikopotelea, kisha akaingiza mkono kwenye kiota akalitoa yai la nne. Alilishika kwenye kiganja muda mrefu, halafu akalirudisha lilikokuwa.

Akavua kikwembe cha kichwani akaanza kufuta msalaba. Chaki ya mwezi mzima, na mvua, ilikuwa imeshika kwenye rangi. Alifuta kwa nguvu, kwa mate, kwa kucha. Nilisogea nimsaidie, akanisukuma kwa kiwiko. Kanuni inasema mwenye kuchora ndiye anayefuta. Nilisimama nikangoja mpaka hapakubaki hata doa.

Alijifunga tena kile kikwembe, kimejaa weupe. Hajanisamehe. Najua uso wake, sitadanganya kaye hii mwishoni. Alitembea hatua chache akielekea makaburini, akasimama, na bila kugeuka akasema:

“Baba Élisa. Chukua nyundo yako, twende tumwambie bameruka.”